Kitenge cha Mtoto Asiyekuwepo

Nikiwa na miaka ishirini na minne, madereva wa basi la Soho Road, hapa Birmingham, Uingereza, walikuwa bado wananikatia tiketi ya mtoto. Sikuwasahihisha, lakini kila mara nilishuka nimenuna. Udogo wangu ulinikera tangu shuleni Nairobi, nilikokulia baada ya wazazi wangu kuondoka Bukavu. Kwa hiyo mhadhiri wangu wa chuo kikuu aliponiita ofisini na kunitazama juu chini, nilijua ni habari ya umbo hilohilo.

Alikuwa akiongoza utafiti kuhusu jinsi vijana wanavyohudumiwa katika kliniki za afya ya uzazi. Alitaka watu wazima wenye sura za kitoto waende huko wakijifanya wana miaka kumi na sita, kisha wajaze fomu: ulipokelewaje, ulisubiri muda gani, ulihisi siri yako iko salama? Kliniki zilikuwa zimekubali kuchunguzwa hivyo, ila hazikuambiwa siku wala sura. Sisi nasi tulitia sahihi kwamba hatutamwambia mtu yeyote mpaka ziara zote ziishe. Nilitia sahihi kwa mbwembwe, maana hatimaye ufupi wangu ulikuwa umepata kazi.

Mambo yaliharibika kliniki ya tatu. Hadithi niliyopewa ilikuwa kwamba nimechelewa kuona siku zangu. Nilimnong'oneza mhudumu wa mapokezi. Yeye hakunong'ona.

"Umekuja kupima mimba, bab?" aliuliza, akitumia neno la upole ambalo watu wa Birmingham humwitia kila mtu, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni.

Nikageuka kuona nani amesikia. Wote walikuwa wamesikia. Karibu na mlango alisimama mama mmoja aliyekuwa akipiga deki, na huyo nilimjua. Tulikuwa tukisali naye kanisa moja la Wakongomani, kwenye ukumbi wa kukodi kule Handsworth. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, lakini aliyefanya kazi mahali pale asingekosa kulijua neno la Kiingereza la mimba. Alinitazama mimi, akatazama tumbo langu, akainamia ndoo yake.

Mama yangu mzazi ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa hilo. Alikuwa mjane, ametutoa vitani akatufikisha hapa, na jambo aliloringia mbele ya watu ni kwamba binti zake hawajamwaibisha. Habari kama ile ingemfikia kabla chai ya Jumapili haijapoa. Nami sikuwa na ruhusa ya kujitetea. Kwenye fomu, palipoulizwa kuhusu siri, niliandika HAPANA nikikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kanisani. Hakuna aliyeninyooshea kidole. Baada ya ibada nilikuwa nikipanga viti pamoja na wasichana wenzangu, kama kawaida, yule mama akaja akaninyang'anya kiti.

"Acha ile kiti, mutoto yangu. Ni muzito."

Kilikuwa kiti cha plastiki. Wenzangu wakaangua kicheko, mimi nikachemka kwa hasira. Wiki iliyofuata aliniletea sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, kwenye kopo la aiskrimu, akasimama palepale mpaka nikamaliza. Wiki nyingine alinihamisha kiti nisikae kwenye baridi. Kila wema wake niliuona kama tangazo. Nilikuwa natamani anitukane tu yaishe, na kila nilipomwona akiongea na mama yangu, nilisogea karibu nisikie.

Mwezi wa pili tangu siku ile ya kliniki ukiingia, alinivuta kando ya mlango wa jikoni, akanitia mfuko mkononi na kuondoka. Nyumbani nilijifungia chooni nikaufungua. Mlikuwa na soksi za kichanga za kufumwa kwa mkono na kitenge kipya cha kubebea mtoto. Nikaketi pembeni ya bafu nikalia, kisha nikaficha vyote chini ya sanduku langu.

Ziara zote ziliisha wiki ya saba tangu yule mama anione. Mhadhiri alipotuambia sasa tuko huru kusema, nilipanda basi moja kwa moja hadi nyumbani kwa yule mama, na mfuko wake mapajani. Nilimweleza yote: chuo, utafiti, uongo wa miaka kumi na sita.

"Alors, kumbe hakuna mutoto?"

"Hakuna, mama. Hakujawahi kuwa na mtoto."

Alicheka mpaka akajipangusa machozi kwa kile kitenge. "Na mi naombea ule mutoto kila asubui. Ata jina nilishamuchagulia." Jina lenyewe alikataa kuniambia.

Nikamwuliza swali lililonikaa rohoni wiki zote zile: kwa nini hakumwambia mama yangu? Kicheko kikamwishia. Akanishangaa, kana kwamba sikuelewa hata kazi yangu mwenyewe.

"Pale mi napangusa tu chini. Lakini kama nikianza kusema nani nilimuona, batoto batarudi tena?"

Nafuu niliyoipata siwezi kuisahau. Nilikula sahani mbili za ugali pale, na nikatembea kwa miguu hadi nyumbani nikimsalimia kila niliyepishana naye. Nilimsimulia mama yangu jioni hiyohiyo. Alinigombeza kwa kusema uongo, halafu akanishika mkono.

Kesho yake nilirudi chuoni kuomba fomu yangu nibadilishe jibu. Mhadhiri alikataa, na alikuwa na haki, kwa sababu fomu inahifadhi kile nilichohisi siku ile, na mhudumu yule kweli alikuwa ametangaza mambo yangu mbele ya watu. Ila aliniruhusu kuongeza maelezo chini yake, mradi nisimtambulishe mtu. Chini ya ile HAPANA yenye tundu nikaandika: "Wiki saba zimepita. Aliyenisikia hajamwambia mtu."