Jina Lililokuwa Kwenye Kengele ya Baba

Harufu ya limau na majivu mpaka leo inanichefua. Ndivyo nilivyosugulia kengele ya baba kila ilipokaribia Idi, nimekalia mbuzi ya mama ya kukunia nazi. Ilikuwa kengele ya fedha tupu, ya kushika mkononi, moja kati ya chache zilizotengenezwa kwa ajili ya Uhuru, kila moja na namba yake. Baba alikuwa tarishi bomani Kisarawe, na bwana shauri, mzungu mkuu wa wilaya, alipofungasha kurudi kwao alimpa ile, jina la baba likiwa limechongwa chini ya namba. Baba aliyajua maandishi yale kwa moyo, hakuwa na haja ya kuyatazama. Mimi sikuwa nimeanza shule. Nilidhani weusi ule kwenye michoro ni uchafu, nikausugua kwa mchanga na kumbi la nazi kama sufuria, mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa baba alikuwa akinisifu mbele ya wageni: “Mwanangu huyu ana mkono!”

Tukahamishiwa kijijini, huko nyuma ya Mlandizi. Mwenyekiti wa kijiji akaiazima kengele kuitia watu shamba la ujamaa, na baba alipoidai akaambiwa ni mali ya kijiji. Baba akasimama mkutanoni, kanzu imenyooka, akasema jina lake limo.

“Haya, Mzee Shomari, tusomee,” mwenyekiti akamkabidhi kengele.

Baba akaigeuza. Akaigeuza tena. Ilikuwa laini kama kijiko.

“Loo! Mtu mzima ovyo!” mtu akapayuka, na watu wazima waliokula kwetu wakaangua kicheko. Sijawasamehe.

Nyumbani akaniita. Wakati huo nilikuwa darasa la tatu. “Mwanangu, wewe unajua kusoma. Hukuliona jina langu pale?”

“Sikuliona, baba.”

“Basi labda niliota,” akasema.

Juzi hapa Kibaha mjukuu wangu amenionyesha kwenye simu kengele kama ile. “Wapenda vitu vya kale wanaigombania, bibi, ila lazima namba isomeke,” akasema. Nikamwambia aizime simu. Yeye anaona fedha. Mimi namwona baba, aliyeishi miaka yote iliyobaki akiniuliza mimi kama kweli aliwahi kufanya kazi bomani, nami nikimjibu, “Ulifanya, baba,” kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa.