Mume Wangu Aliamini Swichi, na Sasa Mtoto Anamwita Mzembe

Admin, tafadhali ficha jina langu, wengi hapa Nakuru wanatujua. Majina ya watu wangu nimebadilisha.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na tatu, ninaishi Rhonda na binti yangu Joy, yuko darasa la tatu. Nilifiwa na mume wangu mwaka jana na tangu hapo nimebeba kitu ambacho sijamwambia hata pastor.

Mume wangu na mdogo wake, nimwite Dan, walikuwa wanatengeneza mashine za kuangua vifaranga. Mimi nilikuwa nawasaidia kuunganisha waya. Nyuma ya kila mashine kuna kile kipande kimoja kinachobeba mahali pa kuchomeka waya ya stima, swichi na fyuzi, vyote pamoja. Sisi tuliita moduli. Mume wangu alikuwa na msimamo mkali juu ya hiyo kitu. Alitaka ile ambayo swichi yake inakata waya zote mbili, ukizima umezima kabisa. Kuna zingine zinafanana nayo kabisa kwa nje lakini zinakata waya moja tu. Hizo hakuwa anataka kuziona kwa meza yake. Alikuwa akiniambia, "Mama Joy, mtu akizima mashine yangu anaingiza mkono. Lazima huo mkono utoke."

Kuna wakati walipata order ya kikundi cha akina mama. Mimi nilikuwa Mai Mahiu kwetu, dada yangu alikuwa amejifungua. Mume wangu alikuwa anazunguka Molo akirekebisha mashine za zamani. Dan ndiye alibaki akifunga hizo mpya, na zikaenda.

Baadaye mama mmoja wa hicho kikundi, anakaa upande wa Kariandusi, akapiga simu kwamba yake haipati joto vizuri. Mume wangu akaenda asubuhi, akaniachia chai nusu kikombe akisema atarudi aimalize. Yule mama alinielezea yote baadaye akilia. Alisema mume wangu alizima swichi, taa ya mashine ikazimika, akafungua mlango akaingiza mkono. Sakafu ilikuwa imetoka kuoshwa. Alipiga kelele mara moja tu.

Tulimzika kwao Njoro. Hata kaburini watu walikuwa wananong'ona, "Fundi mzima, mbona hakuchomoa plagi?" Mama mkwe wangu alikuwa anajipiga kifua akisema, "Huyu mtoto alikuwa na haraka tangu utotoni. Uzembe ndio umeniulia mtoto." Hata mimi nilikuwa najiuliza hilo swali.

Kumbe Dan alikuwa na jibu. Alikuja kwangu baada ya matanga kuisha, akakaa kwa mlango, akakataa kuingia ndani.

"Shem, si yeye. Ni mimi."

Nikamuuliza, "Wewe nini?"

"Zile moduli zake zilikuwa zimeisha dukani, na wale akina mama walikuwa wananipigia kila saa. Nikaweka zile zingine, za kukata waya moja. Na soketi ya yule mama waya zake zilikuwa zimegeuzwa. Swichi ilikata ile waya isiyo na stima, taa ikazima, lakini stima ilibaki ndani."

"Na hukumwambia ndugu yako?"

"Nilijua atakataa. Nilisema nitamwambia baadaye, nizibadilishe polepole."

Jamani, sikumpiga. Nilitaka kumpiga lakini mikono ilikataa. Nilimwambia kitu kimoja tu, kwamba hatalala kabla hatujaanza kutafuta zile mashine. Tulienda nyumba kwa nyumba, tukawaambia wenyewe wazichomoe, Dan akabadilisha mbele ya macho yangu. Hakuna hata moja imebaki. Pale Kariandusi yule mama alinishika mkono hakuniachilia, na mimi sikuweza kuangalia ile sakafu.

Kwa hivyo hatari ya mashine imeisha. Kilichobaki ni mama mkwe.

Ana presha, na Dan ndiye mtoto pekee amebaki naye. Ndiye anamnunulia dawa, ndiye anakamua ng'ombe. Dan mwenyewe amekonda, nguo zinamning'inia. Aliniomba akipiga magoti, "Usimwambie Mathe. Akijua nitamzika." Nikakubali. Nilidhani nitaweza.

Halafu Jumapili iliyopita tulikuwa Njoro, tumekaa sebuleni. Joy akaenda kuwasha redio, nyanya yake akamwita haraka. "Toka hapo! Unataka kufa kama babako? Babako alikuwa mzembe na stima."

Joy akajibu kwa ile sauti yake ya darasani, "Mimi si mzembe kama Daddy, Cucu. Mimi nachomoa kwanza."

Mama mkwe akamsifu, akamkumbatia. Mimi nikamwangalia Dan. Alikuwa amekaa hapo hapo, kikombe mkononi, akaangalia chai yake. Nilitoka nje nikalia nyuma ya boma la ng'ombe mpaka nikaitwa kula.

Simchukii Dan. Ningemchukia ingekuwa rahisi. Alimpenda ndugu yake, hilo najua. Na mama mkwe akianguka kwa sababu ya maneno yangu, nitaishi aje? Lakini mume wangu alikuwa mtu makini kuliko wote nimewahi kujua, na hakuna mtu hata mmoja anasema hivyo.

Jana nikimsuka Joy ameniuliza, "Mum, kwani Daddy alikuwa fundi mbaya?" Nilijifanya sijasikia. Jumapili tunarudi Njoro na najua ataniuliza tena, pengine mbele ya nyanya yake, na Dan akiwa hapo.

Nimjibu nini mtoto wangu? Nishaurini jamani, na tafadhali mniambie polepole.