Mama mkwe alivyokuwa anaisha misuli kwenye nyumba iliyojaa samaki

Wakuu, habari za huko mliko.

Mimi niko Kisumu, upande wa Otonglo, na leo naandika jambo lililotokea ndani ya nyumba yangu. Sitaongeza chumvi, kwa sababu mke wangu pia husoma humu na atanirekebisha mbele yenu.

Kwanza mnijue. Shule niliachia darasa la sita. Nilianza kwa kupakia mchanga kwenye lori na koleo, nikahamia kupasua mbao, na leo nina yadi yangu hapo kwa barabara ya kwenda Busia. Nyumba nimejenga nyuma ya yadi. Meza ya kulia nimeichonga mwenyewe, mvule mtupu, na ukiingia kwangu lazima ukae kwa hiyo meza ule mpaka ushindwe.

Sisemi haya kujisifu. Lakini ukiona ni kujisifu pia ni sawa, nimetoka mbali.

Sasa, mama mkwe wangu. Nitamwita Mama Rosa. Ni mjane, boma lake liko upande wa Bondo. Huyu mama alikuwa chuma. Alikuwa anapanda kutoka ufuoni na beseni la omena, wale dagaa wa ziwa, kichwani, anapiga stori njia nzima, na wewe kijana uliye nyuma yake mikono mitupu ndiye unahema.

Halafu akashikwa na nimonia. Akalazwa. Alipotoka hospitali miguu ilikuwa haimsikii tena, ndio mke wangu akasema aje kwetu apate nguvu.

Kaka mkubwa wa mke wangu, Ouma, anaishi Nairobi kwenye ghorofa. Akakubali, lakini akaweka sharti: kama Mama hataweza kuinuka na kujipikia mwenyewe, nyumba ya Bondo inafungwa na yeye anahamia Nairobi. Alisema Mama akisikia. Mama akajibu tu, "Sawa."

Wale wa kwetu mnaelewa uzito wa hiyo sawa. Mwanamke amezika mume kwa hilo boma, amelilinda miaka yote, halafu linafungwa kufuli yeye akiwa hai. Usiku huo mke wangu alilia, Mama hakulia.

Mimi nikasema, hii ni kazi ndogo. Mtu akikosa nguvu si unamlisha?

Jioni ya kwanza nikamkaribisha mezani. Nikamwambia, "Mama, hapa ni town. Yale mambo ya mama mkwe kutokula mbele ya mkwe tuliacha kitambo. Sisi ni watu wa kanisa."

Kwa wasiojua: kwetu Wajaluo, mama mkwe na mume wa binti yake wanaheshimiana kwa umbali. Hawakai meza moja wakatafuna pamoja. Siku hizi wengi wameacha, na mimi nilijihesabu kati ya hao wengi.

Mama akatabasamu, akakaa, akanywa chai. Nikajua hiyo imeisha.

Kuanzia hapo, wakuu, nilifanya kazi. Asubuhi niko ufuoni Dunga kabla wachuuzi hawajachagua, natafuta ngege mnene, ile tilapia yenyewe ya ziwa, si ile ya kwa barafu. Leo samaki, kesho maini, keshokutwa kuku wa kienyeji. Na sikumwachia mtu kazi ya kusimamia. Mchana natoka yadi narudi nyumbani, jioni pia, nakaa mkabala na Mama, nasema, "Kula Mama, kula upate nguvu."

Anamega ugali kidogo, anachovya kwa mchuzi, halafu anasukuma sahani. "Nimeshiba, Baba Akinyi."

Samaki mzima amelala hapo. Sasa mimi mtu niliyekulia njaa naweza kuacha samaki wa Dunga amwagwe? Navuta sahani, namalizia. Nilikuwa nasema kwa moyo wangu, wazee tumbo lao ni dogo.

Lakini Mama alizidi kuisha. Mkono wa juu ukabaki ngozi inaning'inia. Mapaja yakapotea ndani ya gauni. Kuinuka kwa kiti ikawa mpaka mke wangu amshike kwapa. Vijana wa yadi wakaniambia, "Mzee, hiyo ni miaka tu." Na mimi nikaanza kukubali. Ouma naye akapiga simu kusema chumba cha Mama kiko tayari.

Mke wangu akasema kabla ya Nairobi twende kliniki. Tukakuta binti mmoja wa mambo ya lishe, mdogo, lakini ana macho ya mwalimu mkuu. Akampima Mama, akamwambia ainuke kwa kiti bila kushika. Mama akajaribu, akashindwa, akaangalia chini.

Binti akauliza, "Mama anakula nini?"

Hapo ndipo nilipokuwa nasubiri. Nikamwagia yote. Ngege, maini, kuku, mayai, mpaka saa ninayofika Dunga.

Akaniacha nimalize. "Baba, sijauliza unanunua nini. Nimeuliza Mama anakula nini."

Nikamgeukia mke wangu.

Mke wangu ndiye akajibu. "Chai. Uji wa sukari. Ugali na mchuzi kidogo. Hizo zingine anasema ameshiba."

"Na hao samaki wanaenda wapi?"

Mke wangu akaangalia tumbo langu. "Daktari, wako hapa. Tumekuja nao."

Huyo binti alijikaza, lakini nilimwona bega linatikisika.

Halafu akatueleza, na nitawaeleza kama nilivyoelewa mimi wa darasa la sita. Mwili kila siku unabomoa misuli na kuijenga upya. Kijana hata akila vibaya, fundi wake bado anajenga. Mzee, fundi amekuwa mzito kuamka. Ukimpa protini kidogo haamki kabisa, kwa hiyo mzee anahitaji protini ya kutosha kila mlo, hata kushinda kijana. Sisi tunafanya kinyume, tunasema mzee apewe uji tu. Na mtu akiugua na kulala kitandani, mwili unaanza kula misuli yake wenyewe. Uji na chai vinatuliza njaa, lakini havirudishi paja.

Nikakubali, maana hiyo ni lugha ya ujenzi. Bila mbao, fundi atakaa tu apige soga.

Akamgeukia Mama. "Mama, kwa nini huli samaki?"

Mama akaongea akiangalia sakafu. "Mwanangu, mtu atatafunaje mifupa mbele ya mume wa mtoto wake?"

Binti akatikisa kichwa polepole. "Mimi si Mjaluo, ni wa Vihiga. Hata kwetu iko hivyo."

Nikaruka. "Lakini Mama, si nilisema hayo mambo tumeacha?"

"Uliacha wewe, Baba Akinyi," Mama akasema, sauti ya upole kabisa. "Mimi sikusema nimeacha."

Nikamuuliza mke wangu kwa nini hakuniambia. "Nilikuambia lunch ukule huko yadi. Ulinijibu nini?"

Nilimjibu kwamba hii ni nyumba yangu na meza nimechonga mwenyewe. Ni kweli nilisema.

Nikatoa wazo nilete pasta amwombee Mama, aseme hakuna ubaya. Yule binti akaniangalia. "Pasta wa nini? Wewe toka kwa meza."

Wakuu, hivyo ndivyo nilivyofukuzwa.

Kwanza walipima figo za Mama, kwa sababu binti alisema figo ikiwa mbaya protini nyingi inaweza kuumiza. Zikapatikana nzuri. Basi asubuhi yai na maziwa mala, yale ya kuganda, mchana samaki aliyetolewa mifupa, jioni maharagwe au omena. Katikati ya hayo, kuinuka na kukaa, kuinuka na kukaa, na kunyanyua pakiti ya unga kama mtu wa gym. Binti alisema chakula bila kazi ni nusu, lazima misuli ipewe sababu ya kubaki.

Na mimi nikawa mteja wa kibanda cha madondo, yaani maharagwe, hapo sokoni, nimebanwa kwa benchi na vijana wangu wa yadi.

"Mzee, mama watoto amebadilisha kufuli?"

"Muulize vizuri, labda amepoteza ufunguo wa ile meza."

Yawa, nilivumilia. Na nikaambiwa nikirudi nipige honi kwa geti, nisubiri.

Siku moja nilisahau. Nikaingia moja kwa moja, na hapo mezani kwangu amekaa Mama Rosa, kichwa cha ngege kwa mikono yote miwili, ananyonya jicho. Tukaangaliana. Alifunika sahani na leso haraka hata mimi nikashangaa hiyo nguvu imetoka wapi. Nilirudi kinyumenyume mpaka nje kama mwizi, nikapiga honi, nikakaa kwa gari.

Lakini nilifurahi, niwaambie ukweli. Nilicheka peke yangu huko ndani ya gari.

Nami sikukaa bure. Nilimchongea Mama stuli ya juu ya kufanyia mazoezi. Akiweza kuinuka bila kushika, mke wangu ananiletea yadi, nakata miguu kidogo, inarudi fupi. Akizoea, nakata tena. Kila nikikata nilikuwa nawaita vijana waone. Mwisho ikawa fupi kama ile ya kukalia mbele ya mafiga. Hiyo ndiyo Mama mwenyewe alikuwa anaitaka, kwa sababu kwake Bondo anapikia kuni.

Haikuwa haraka. Kuna wiki aliinuka vizuri, kuna wiki alirudi nyuma na kusema tumwache. Mvua zikaja zikaisha. Ndipo Ouma akafika na gari lake kubwa kumchukua.

Tukakaa sebuleni. Ouma akaanza hotuba, jinsi ghorofa lake lilivyo na lift na maji ya moto. Mama amekaa kwa stuli yake fupi, anamsikiliza kama unavyosikiliza redio ya jirani.

Ouma alipopumua, Mama akaweka mikono kifuani akainuka. Hakushika kiti, hakushika mtu. Akaingia chumbani, akatoka na begi lake amelibeba mwenyewe, akapita kati yetu mpaka nje, akaliweka kwa buti.

"Haya," akamwambia mwanawe. "Nipeleke Bondo."

Ouma akaniangalia. Mimi nikaangalia dari, nikahakikisha mbao zimekaa sawa.

Alipokuwa ndani ya gari, Mama akamwita binti yake dirishani na kusema kwa sauti iliyonifikia hata mimi nilipokuwa nimesimama.

"Mwambie Baba Akinyi arudi kwa meza yake. Amekonda."

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Mzazi akikonda usikimbilie kusema ni uzee. Angalia kinachoingia mdomoni, si kinachoingia jikoni. Mpeleke apimwe, umpe chakula cha kujenga, umwinue atembee. Na ujiulize ni nani anakaa mbele yake wakati wa kula.

Semeni na nyinyi, kwenu iko vipi? Na wewe unayesoma hii ukiwa mezani na mama mkwe wako, toka nje kidogo, halafu urudi utuambie sahani yake imekuwaje.