Kidole cha Pete

Mimi yule Mhindi sikumpenda tangu siku aliyoletwa, na sitaki kujifanya mwema sasa. Nilikuwa na miezi saba katika nyumba moja ya mtaa wa Al-Naseem, Riyadh, nikifua na kusafisha, yeye akaja kupika. Alikuwa mpole kupita kiasi. Mtu mpole namna hiyo, nilijiambia, ana lake jambo.

Siku ya tatu nikamfuma. Amefunika sufuria ya wali, amesimama kuelekea dirishani, vidole vinapinda na kunyooka, midomo inanong'ona. Kiganja kikasimama wima. Kidole cha pete kikainama kikagusa gumba. Kisha vidole vitatu vikalala, gumba na kidole cha mwisho vikabaki juu kama pembe. Wee! Mimi mtoto wa Likoni, mambo hayo hunifundishi. Nikamuuliza kwa Kiarabu chetu cha jikoni, unafanya nini? Akacheka kwa haya. "Mafi, dada. Mafi."

Hakuna kitu, na midomo inakwenda?

Kuanzia hapo kikombe changu nilikiosha mwenyewe. Nywele zilizobaki kwenye kitana nilizificha ndani ya soksi. Akipika samaki, nilingoja aonje yeye kwanza. Na kila wali ulipofunikwa, yeye huyo dirishani, maneno yaleyale kwa mpangilio uleule, nami nikimchungulia nikiwa nimeinamia mashine ya kufulia.

Halafu binti wa nyumba, wa miaka sita, akashikwa na homa. Siku mbili haishuki. Madam akanifuata chumba cha kufulia, macho mekundu, akaniuliza kama nimeona jambo lolote la ajabu humu ndani.

Nilijua swali lile linabeba nini. Kabla hatujaondoka Nairobi tulionywa tusije na hirizi wala vichupa vya mafuta, kwa sababu huku uchawi ni kesi ya polisi, si umbea wa barazani. Nilijua pia kwamba nikinyamaza, macho yatanigeukia mimi, Mwafrika. Niliogopa, basi. Nikasema. Nikaweka nguo chini, nikamwonyesha madam kwa mkono wangu mwenyewe: kiganja hivi, kidole cha kati kwenye gumba hivi, na midomo inanong'ona hivi. Mlango ulikuwa wazi, wala sikufikiria kuufunga.

Madam aliziba mdomo kwa shela yake, akaenda kumpigia baba mwenye nyumba simu.

Asubuhi homa ilikuwa imeshuka. Mpishi alikuwa ameitwa ukumbini, na mtoto akaja jikoni peke yake, akakalia ndoo iliyopinduliwa, akaniinulia mikono. "Tazama." Vidole vitatu vikalala, gumba na cha mwisho juu: huyu ni paa, anakunywa maji. Kiganja juu ya mgongo wa mkono wa pili, magumba yakipigapiga pembeni: hawa samaki, wanamwona. Na huku anataja jina la kila ishara, maneno yaleyale ya dirishani. Ni ngoma ya kwao, akanieleza. Mpishi alifunzwa akiwa mdogo kama yeye, na huyataja majina kila siku asiyasahau, maana ana binti yake atakayemfundisha akirudi.

Mungu wangu! Nikakimbilia ukumbini hivyo hivyo, na sabuni mikononi. Mpishi alikwisha kwenda kufunga begi, madam amebaki peke yake.

"Madam, ni ngoma. Ni ngoma tu! Muulize mtoto."

Madam akaniinulia kiganja: halas, yamekwisha. Baba ameshazungumza na ofisi iliyomleta. Anapelekwa leo, na wao ndio watakaoamua kama polisi waitwe.

"Lakini mimi sikutamka uchawi, madam."

"Ulinionyesha," akasema.

Mpishi aliambiwa tu kwamba anarudishwa ofisini. Hakuuliza sababu. Begi lake lilikuwa moja, nikalibeba mimi mpaka mlangoni, na njia nzima nikitafuta pa kuanzia. Juu, mtoto alikuwa amefungiwa chumbani, akilia kwa sauti. Nje dereva ameshawasha gari. Nilichoweza kusema ni "Mungu akutangulie," na nilipojisikia nikaona aibu.

Akanipokea begi taratibu, akaliweka chini. Akaushika mkono wangu wa kulia. Nilidhani ananiaga. Kumbe anavinyoosha vidole vyangu, kimoja kimoja, bila haraka. Kile cha kati, kilichokuwa kimejikunja, akakisimamisha. Halafu akakiinamisha cha pete mpaka kikagusa gumba.

"Ni hiki, dada," akasema. "Si kile."

Akachukua begi lake, akaingia garini. Mimi ishara ile ya kidole cha kati nilikuwa nimemwonyesha mtu mmoja tu duniani, madam, chumba cha kufulia, mlango ukiwa wazi.