Desktop nzima au dirisha la programu tu? Usevya walivyozima seva ya Mpanda

Habari za kazi, wakuu. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Mpanda, nayaandika kama yalivyo.

Nahudumia chama cha wakulima wa mpunga. Seva iko ofisini mjini. Makarani wa vijiji vya Usevya na Mamba wanaingia kwa mtandao kuandika uzito wa magunia.

Njia zilikuwa mbili: kila karani afungue desktop nzima iliyoko kwenye seva, kama amekaa mbele ya seva yenyewe, au seva imrushie dirisha la programu ya mizani tu. Nilipendekeza dirisha. Intaneti ya huko mnaijua.

Mwenyekiti akakataa. "Fundi, watu wangu wanataka kompyuta, wewe unawaletea kadirisha?"

Sawa. Tukaweka desktop nzima. Na kwa kuwa programu ni ya kizamani, haifunguki bila haki za admin, kila karani akapewa, pamoja na uwezo wa kuzima seva.

Sasa Usevya wanatumia solar ndogo. Kawaida yao, ukimaliza kazi unazima. Yustina, karani wa huko, alimaliza mapema, akabonyeza Shut down.

Hakuzima kompyuta yake. Alizima seva! Mamba wakakatika, wakulima wako kwenye foleni.

Nikampigia. "Yustina, umezima nini?"

"Si kompyuta, fundi? Nyie wenyewe mlisema tutunze betri!"

Kesho yake, tena.

Mtasema ningeficha kitufe. Nilikificha. Usevya wakaona kompyuta haizimiki, wakasema imeharibika, wakaifunga kwenye pikipiki wakaniletea Mpanda. Ilikuwa nzima kabisa, ila vumbi.

Siku hiyohiyo mnunuzi akafika Usevya na lori. Chama hakiuzi mpaka uzito uingie kwenye mfumo, na kompyuta iko kwangu. Akasubiri mpaka akachoka, akaondoka.

Mzee mmoja akanipigia: "Sasa bwana fundi, tule huo mfumo wako?"

Nikawahamishia makarani wote kwenye dirisha la programu bila kumuuliza mwenyekiti. Sasa Yustina anazima kompyuta yake na seva haina habari. Mnunuzi mwingine alipatikana, ila kwa bei ya chini. Hiyo ndiyo inaniuma.

Nilichojifunza: kabla ya kuchagua, kasi ya intaneti peke yake haitoshi. Nenda ukae na karani, uone anavyofunga ofisi.

Mwenyekiti bado amenuna, anasema nimewanyang'anya watu kompyuta. Aliyewahi kumwelewesha bosi wa namna hii aseme hapa alitumia maneno gani. Yangu yameisha.