Pakiti Kumi za Unga wa Jiwe

Katika mtaa wetu wa Malindi hapakuwa na mwanamke aliyenishinda kutwanga. Sisemi haya kwa kujisifu, au nasema kwa kujisifu kidogo, kwa sababu ni kweli. Bizari, iliki, mdalasini, mizizi ya dawa, vyote vililetwa kwangu vikarudi kwa wenyewe vimekuwa laini kama poda. Basi katika miaka ile ya themanini, watu wa kampuni ya kutafuta madini walipopanga nyumba nyuma ya soko na kuuliza nani awezaye kusaga mawe, majirani walinitaja mimi, huku wakicheka. Nilikuwa nimeachika, sina mtoto, na nimechoka kukaa kwa kaka yangu nikitazamwa kila nikiongeza sukari kwenye chai. Nikaenda.

Mkubwa wa kazi alikuwa mtaalamu wa miamba, kijana wa bara, mpole, Mkristo wa kanisani kila Jumapili. Nilimzidi umri kwa miaka michache tu lakini akiniita mama, jambo lililoniudhi mwezi mzima. Siku ya kwanza aliniambia nivue pete na bangili. Nikamwuliza kama hii ni kazi au ni mnada.

"Hapana, mama," akasema. "Ile metali iko kwa pete inaweza ingia kwa unga. Mashine ya Nairobi itaiona. Hata ikiwa kidogo namna gani, itaiona."

Nikavua. Mawe yaliletwa katika mifuko ya kitambaa, kila mfuko na nambari yake. Yeye alilipasua kila jiwe vipande viwili, kimoja akakiweka akiba kwenye sanduku la mbao, cha pili akanipa mimi. Nilikiponda, kisha nikakisaga katika kinu chake kidogo cha jiwe la akiki, mpaka unga usisikike kidoleni. Ukatiwa katika pakiti ya karatasi, ukapelekwa maabara Nairobi.

Mimi sifanyi kazi nisiyoielewa, kwa hiyo nilimsumbua kwa maswali. Akanieleza kwamba huko bara, kupita Ganze, zamani kabla hajakuwako mtu wala ng'ombe, moto ulipanda kutoka chini ya ardhi. Ukapenya kwenye mawe ya mchanga, ukapoa, ukawa jiwe jeusi. Mvua za dahari na dahari zimevila vilima vyenyewe, lakini mizizi yao imebaki, na hiyo mizizi ndiyo aliyokuwa akiivunja kwa nyundo.

"Hiyo jiwe ikianza kupoa, kuna metali hazipati nafasi ndani yake," alisema. "Zinabaki kwa maji moto ya mwisho. Hayo maji yanaingia kwa nyufa, na huko ndio risasi na zinki zinalala. Sisi tunapima unga tujue kama hayo maji yalipita."

"Kama tui," nikamwambia. "Ukilichemsha ukitaka mafuta, maji hukauka, mashapo hukaa chini, na mafuta ndiyo hujitenga mwisho."

Akatoa daftari lake akayaandika maneno yangu. Nilitembea na kichwa juu juma zima.

Mawe aliyoyatamani kuliko yote yalikuwa ndani ya boma la bibi mmoja wa Kigiriama, na bibi huyo alikuwa ameshamfukuza yeye na watu wake kwa mchi. Nikatumwa mimi. Nilimkuta mwanamke mkavu, mwembamba, anaanika korosho, na nyuma ya nyumba yake pamesimama koma tatu, vile vigingi vya mti ambavyo Wagiriama huwasimamishia wafu wao na kuvivisha vipande vya nguo. Kimoja kirefu cha mumewe, na viwili vifupi vya wanawe.

"Shikamoo, hawe," nikasema, maana hivyo ndivyo wanavyomwita bibi.

"Marahaba. Nawe wakutuma? Mwanamke mzima wa mjini, wafuata mawe?"

"Vijiwe kumi tu, hawe. Hatuchimbi, hatung'oi kitu."

"Kwa neno la nani?"

"Kwa neno langu."

Akanitazama kitambo, kisha akaondoa mkeka wa korosho njiani. Nikamwita mtaalamu aliyekuwa akingoja nje ya boma, tukachukua mawe kumi, tukarudi Malindi.

Siku ya kuyasaga mawe hayo, mtaalamu alikuwa amekwenda Mombasa kutafuta vipuri vya gari. Nikakigonga kinu cha akiki kwa kiwiko, kikaanguka sakafuni, kikapasuka pande mbili. Mtu mwenye subira angengoja. Mimi subira sikupewa. Nikawaza: amekataza chuma, amekataza shaba, lakini jiwe hajalikataza. Nikaenda nyumbani nikachukua kinu cha marehemu bibi yangu, cha jiwe jeusi, alichokuwa akisagia wanja wa maharusi. Nikakisugua kwa majivu na ndimu, nikakisuuza mara saba, nikakianika juani. Kisha nikasaga mawe kumi, na unga ukatoka mzuri kuliko siku zote. Aliporudi nilimwambia kinu chake kimevunjika baada ya kazi kwisha. Ulikuwa uongo mdogo, wa kujilindia heshima tu. Akaagiza kingine.

Majibu yalipokuja, alitoka chumbani kwake akitembea upande kama kaa, kwa furaha. Pakiti zote za siku nyingine zilikuwa na risasi haba. Pakiti kumi za boma la yule bibi zilikuwa na risasi mara nyingi zaidi.

"Tumepata, mama," akasema. "Kumi yote."

Nami nikafurahi pamoja naye, mjinga mimi. Kisha akanieleza linalofuata. Kampuni italeta buldoza mwisho wa mwezi likate handaki kutoka mwanzo wa boma hadi mwisho. Bibi atalipwa na kujengewa kwingine. Koma zitahamishwa.

Tulikwenda kumwarifu pamoja na naibu wa chifu. Yule bibi alisikiliza wanaume wote wawili bila kuwatazama. Alikuwa akinitazama mimi.

"Neno lako ndilo hili?" akaniuliza.

Akaomba apewe muda wa kuzungumza na mumewe, kwa sababu koma haing'olewi kama muhogo. Hutiliwa tembo la mnazi chini, na marehemu mwenyewe huambiwa kwa upole kwamba anahama na sababu yake. Tulipokuwa tukiondoka alikuwa ameshaanza kutafuta kibuyu. Siku zile sikula vizuri. Nilimwambia Mungu kwamba mimi nilisema kweli kama nilivyoijua, lakini maneno hayo hayakunituliza.

Juma moja baadaye, mtaalamu alinionyesha bonge la jiwe alilolitoa sehemu nyingine zamani.

"Hii ndio risasi yenyewe kabla haijayeyushwa," akasema. "Hii ndio tutakuta kwa handaki."

Nikalipokea. Lilikuwa zito kuliko ukubwa wake, la kijivu, linalong'aa pale lilipovunjika, na limevunjika vipande vya pembe nne kama sukari ya mabonge. Jiwe hilo nililijua tangu sijajua kufunga leso. Bibi yangu alikuwa akiletewa kutoka Manga, huko Uarabuni, akilisaga, akilichuja kwa kitambaa, akiwapaka maharusi machoni.

"Hili ni jiwe la wanja," nikasema.

Yeye akacheka. Mimi nikaaga, nikaenda nyumbani mbio. Nikakitwaa kile kinu, nikachukua kitambaa cheupe kilicholowa, nikasugua ndani kwa nguvu zangu zote. Kitambaa kikatoka cheusi. Baada ya majivu, ndimu na maji saba, bado kikatoka cheusi. Risasi ya pakiti kumi ilikuwa ya machoni mwa maharusi wa Malindi.

Nilikaa chini uani. Shetani hakukawia kunijia. Nyamaza, akaniambia. Watachimba, watakosa, watalaumu mawe. Nani atauliza habari za kinu chako? Na kwa kweli ningenyamaza kama lingekuwa jambo la kampuni na fedha zake. Lakini nilimwona yule bibi na kibuyu chake. Mficha uchi hazai. Nikavaa buibui, nikakifunga kinu ndani ya leso, nikarudi kabla ya chakula cha mchana.

Nilimwambia yote, na ule uongo pia. Nilisema nikiwa nimesimama, kwa sauti ya ukali, kwa sababu nikiona aibu mimi huwa mkali. Mtaalamu akakaa juu ya gunia la mawe.

"Mama, hiyo kinu imesaga wanja miaka mingapi?"

"Tangu bibi yangu alipokuwa mwari."

Akashika kichwa. Nikangoja kufukuzwa. Nilikuwa hata nimepanga nitakavyojibu. Akainuka, akalifungua lile sanduku la mbao. Nusu nyingine za mawe kumi zilikuwamo, kila moja na nambari yake.

"Tutarudia," akasema. "Nairobi nitaambia buldoza ingoje. Kinu ni kitu nilifaa kuangalia mimi."

"Nani atasaga?"

"Nani mwingine yuko?"

Hapo nikalia, wala sikuona haya. Alikwenda posta siku hiyo hiyo kupiga simu. Kinu kipya cha akiki kilipofika nikasaga yale mawe mbele yake, bila pete, bila wanja machoni, hata bila mafuta ya nywele.

Majibu yalichukua majuma matatu, na kila siku ya majuma hayo niliomba jambo ambalo sidhani mtafuta madini yeyote amepata kuliomba. Mungu akanipa. Risasi ilikuwa haba katika pakiti zote kumi, kama mawe mengine yote ya huko. Maji ya moto, kama yalipita popote, hayakupita bomani kwa yule bibi. Mtaalamu aliitazama karatasi, akahuzunika kidogo, kisha akashusha mabega.

"Afadhali," akasema. "Tungevunja nyumba ya mtu kwa sababu ya wanja."

Mchana ule nilikula sahani mbili za wali. Kesho yake tukaenda kumwambia. Nilidhani atafurahi, na labda alifurahi, lakini hakutuonyesha. Alimsikiliza mtaalamu mpaka mwisho, akafunga leso yake vizuri.

"Mume wangu nimeshamwambia anahama," akasema. "Nimemmwagia tembo, nimembembeleza siku tatu mpaka nikaona amekubali. Alikuwa mtu wa hasira. Sasa nani atamwambia hahami? Mimi sikukosa."

Mtaalamu akatazama viatu vyake. Mimi ni binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani, na nilifundishwa tangu utoto kwamba kigingi hakiamkiwi. Lakini neno lilikuwa langu na kosa lilikuwa langu. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikasimama mbele ya kile kirefu.

"Shikamoo, baba," nikasema. "Ni mimi niliyesaga. Nilikosea. Huhami."

Yule bibi alikuwa amenifuata. Nikageuka nikidhani nimemaliza, akatikisa kichwa.

"Na wanangu," akasema, na sauti yake sasa ilikuwa nyingine. "Hao ndio walioogopa."

Nikapiga magoti, kwa sababu vigingi vyao vilikuwa vifupi, nikawaambia mmoja mmoja kwamba wanabaki na mama yao.