Vidonge Haviazimwi

Msusi wa mtaa wetu hana la kuficha. Kila asubuhi saa mbili, kabla hajashika chanuo, hufungua droo, akatoa kidonge chake cha uzazi wa mpango na kukimeza mbele ya wateja. Akiguna mtu, humwambia, "Guna taratibu, dada, usije ukapaliwa."

Wateja walimtisha kwamba vidonge vitamkausha kizazi. Akawakumbusha kuwa aliwahi kuviacha kwa hiari yake, na mwaka haukuisha kitindamimba akawa anamchezea tumboni. Zamani siku zake za mwezi zilimlaza kitandani, saluni ikafungwa siku tatu; tangu aanze vidonge hazimlazi tena. Ubaya wa vidonge pia aliusema: miezi miwili ya mwanzo kichefuchefu kilimwandama kama deni.

Basi asubuhi moja akaingia wifi yake, dada wa mumewe, mama wa watoto watano.

"Wifi, nigawie pakiti moja. Hawa watano wananitosha."

"Vidonge siazimi."

Katika saluni ile watu huazimana kila kitu, kuanzia sindano ya kushonea nywele mpaka viatu vya harusini.

"Unaninyima mimi, damu ya mumeo?"

"Nakunyima. Kila wiki unalia kichwa. Mimi nilipimwa presha ndipo nikapewa hivi. Mwenye presha ya juu vinaweza kumletea kiharusi. Twende ukapimwe."

"Na huyu mteja umwache amesukwa nusu kichwa?"

"Nusu kichwa haijaua mtu."

Mteja akacheka, akajivutia kioo. Mawifi hao wakaondoka, mmoja mbele, mwingine nyuma akisonya njia nzima.

Kwenye zahanati, nesi alimpima wifi, akampumzisha, akampima tena. Presha ilikuwa juu kwelikweli. Akampa dawa ya kuishusha, akamweleza njia nyingine za uzazi wa mpango zinazomfaa mtu wa hali yake. Wifi akachagua kijiti cha mkononi.

Mnadhani alishukuru? Walipotoka tu akamgeukia msusi. "Umenianika mbele za watu. Mtaa mzima utajua nina presha."

"Ujue. Wakuseme ukiwa hai."

Wifi akanuna wiki nzima, salamu hakuna. Msusi naye hakuomba radhi. Kila jioni alimpigia simu kuuliza kama amemeza dawa ya presha, akijibiwa "ndiyo" ya mkato, akakata na kuendelea kusuka.